Mota ikishikwa isizunguke, nishati ya betri huenda wapi?

Mzazi wa Umoja anauliza:

Wanajukwaa, hamjambo. Mimi ni mama wa mtoto wa Gredi ya 8 katika shule moja hapa Nairobi, na nimekuja kuomba msaada kwa sababu swali lililonishinda ni dogo mno hata naona haya kulipeleka shuleni kabla sijalielewa mwenyewe.

Katika somo la Sayansi Jumuishi walichorewa saketi yenye betri mbili, swichi na mota ndogo, wakatakiwa waeleze jinsi nishati inavyobadilika tangu swichi inapowashwa. Binti yangu aliandika kwamba nishati ya kikemikali iliyo ndani ya betri hugeuka kuwa nishati ya umeme, nayo nishati ya umeme hugeuka kuwa nishati ya mwendo. Hapo alipata alama zake zote. Lakini chini yake aliongeza sentensi ambayo hakuulizwa: "Mota ikishikwa isizunguke, nishati yote ya umeme hugeuka kuwa joto." Sentensi hiyo ilipigwa mstari mwekundu, na pembeni akaandikiwa kwamba mota iliyosimama haifanyi kazi, kwa hiyo haitumii nishati.

Sentensi ile hakuiokota hewani. Jumapili iliyotangulia tulikuwa tumelifungua gari la kuchezea la kaka yake lililong'oka magurudumu, tukatoa mota yake yenye ukubwa wa kidole gumba, tukaiunga na betri mbili ndogo za volti 1.5 kila moja. Ilizunguka ikivuma kama nyuki aliyefungiwa chupani. Mtoto akaushika mhimili kwa vidole viwili ukasimama, akauachilia, akaushika tena kwa muda wa kuhesabu polepole hadi ishirini. Ndipo akasema, "Mama, hebu gusa." Niligusa nikakuta kweli mota imepata joto, na betri nazo zilikuwa vuguvugu. Kabla ya hapo ilikuwa imezunguka peke yake dakika nzima bila joto la kutajika.

Biashara yangu ni ya mitumba, na sijawahi kumwona kibarua anayelipwa zaidi siku aliyoshinda amekaa. Iweje basi betri itoe zaidi mota inaposimama kuliko inapochapa kazi? Na ninaongeza swali la pili, ambalo huenda ni la aibu zaidi: je, umeme unaorudi kwenye betri baada ya kupita ndani ya mota huwa umepungua?

Mpita Njia anajibu:

Mama, jambo hili si gumu. Mota hula umeme, ndiyo maana unaoingia huwa mwingi na unaorudi huwa kidogo. Ukiishika, umeme hukosa pa kutokea, hivyo unajirundika ndani ya koili kama magari yanavyojirundika barabarani saa za jioni mvua ikinyesha, na msongamano huo ndio unaoleta joto. Mtoto asisumbuliwe na mengi.

Mwalimu wa Fizikia anajibu:

Mama, binti yako ameandika ukweli, na aliyemsahihisha naye ameandika nusu ya ukweli, ndiyo maana jambo hili linakuchanganya.

Katika fizikia tunasema kazi imefanyika pale ambapo kani imesogeza kitu. Mhimili ulioshikwa hausogei, kwa hiyo ni sahihi kabisa kusema kwamba mota iliyosimama haifanyi kazi. Kosa limeingia kwenye maneno "kwa hiyo haitumii nishati". Saketi haijakatwa, swichi bado imewashwa, waya wa shaba bado umeunganishwa, na mkondo unaendelea kupita ndani ya koili. Kwa kweli, kama mlivyoona kwa vidole vyenu, unapita mkubwa zaidi.

Kabla sijaeleza sababu, naomba kumrekebisha ndugu Mpita Njia kwa heshima, maana jibu lake ni lile ambalo wanafunzi wangu hunipa kila mwaka. Mkondo haupungui unapopita kwenye mota. Ukiweka mita ya ampea kati ya ncha chanya ya betri na mota, kisha ukaihamishia upande wa hasi, itakuonyesha kiasi kile kile. Fikiria mikokoteni inayopeleka mitungi ya maji mtaani wakati mifereji imekauka: ikitoka kumi, inarudi kumi, na hakuna mkokoteni hata mmoja ulioliwa njiani. Kilichobaki mtaani ni maji. Vivyo hivyo, chaji zote zinarudi kwenye betri, ila nishati iliyobebwa na kila chaji imeachwa ndani ya mota. Wala hazijirundiki popote mota inaposimama, kwa sababu mhimili hauwi mlango wa umeme kutokea. Njia ya umeme ni waya, na waya uko wazi muda wote.

Sasa niingie kwenye kiini cha jambo. Koili inapozunguka kati ya sumaku, mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja. La kwanza tunalifahamu sote: mkondo ulio ndani ya uga wa sumaku hupata kani, na kani hiyo huizungusha koili. La pili ndilo vitabu vingi vya darasa la chini hulipita bila kulitaja: waya wowote unaokata uga wa sumaku huzalisha volti yake mwenyewe. Kwa hiyo mota inayozunguka ni jenereta pia, hata kama hatukuinunua kwa kazi hiyo, na volti inayozalisha huelekea kinyume na ile ya betri. Kanuni ya mwelekeo huo iliwekwa na Heinrich Lenz mwaka 1834. Mimi huiita volti ya kinyume, na kadiri mota inavyozunguka kwa kasi ndivyo volti hiyo inavyokuwa kubwa.

Ninayo mota ya aina hiyo kwenye kabati la maabara, na jana jioni niliipima ili nisikujibu kwa maneno matupu. Ukinzani, yaani kizuizi kwa mkondo, wa koili yake pamoja na brashi (vipande vinavyoipelekea koili umeme inapozunguka) ni takriban omu 1.5. Ilipozunguka huru, mita ilisoma volti 3.0 kwenye ncha za mota na mkondo wa ampea 0.2. Zidisha, utapata kwamba mota ilikuwa ikipokea wati 0.6, yaani jouli 0.6 kila sekunde. Ni kiasi gani kilipotea kama joto ndani ya waya? Tunazidisha mkondo kwa mkondo, kisha kwa ukinzani: 0.2 mara 0.2 mara 1.5, jibu ni wati 0.06. Wati 0.54 zilizobaki ndizo zilizogeuka kuwa mwendo. Ukilitazama kwa upande wa volti, katika zile volti 3.0 ni 0.3 tu iliyotumika kuusukuma mkondo upite kwenye ukinzani wa shaba, na 2.7 zilikuwa zikishindana na volti ya kinyume. Kwenye mashindano hayo ndipo umeme unapogeuka kuwa mwendo, na pasipo volti ya kinyume hakuna jouli hata moja ya umeme inayofika kwenye mhimili.

Nikaushika mhimili. Volti ya kinyume ilitoweka papo hapo, kwa kuwa koili iliyosimama haikati uga wowote. Betri ikabaki inapambana na ukinzani wa waya peke yake. Mkondo uliruka hadi ampea 1.65, na volti kwenye ncha za mota zikashuka hadi 2.5. Nguvu iliyoingia kwenye mota ilikuwa kama wati 4.1, na kwa kuwa hakuna kilichosogea, zote zilikuwa joto. Linganisha joto hilo na lile la wati 0.06, utaona limeongezeka karibu mara sabini. Kibarua wako wa mitumba hakukaa bure, mama; alikuwa akichoma bidhaa nyuma ya duka.

Na betri kuwa vuguvugu? Betri nazo zina ukinzani wake wa ndani. Bila mzigo, betri zangu mbili zilisoma volti 3.1, mota iliposhikwa zikasoma 2.5. Zile volti 0.6 zilipotelea ndani ya betri zenyewe, na kwa mkondo wa ampea 1.65 hiyo ni karibu wati nzima ya joto inayobaki mle mle ilimotoka nishati ya kikemikali.

Kuna hali ya katikati ambayo binti yako angependa kuijaribu: kuugusa mhimili kidogo tu, upungue kasi bila kusimama. Kwangu mkondo ulipanda hadi ampea 0.7 na volti zikawa 2.8. Hapo mota ilipokea karibu wati 2, ambazo 0.7 zilikuwa joto la koili na zilizobaki zilikuwa mwendo, nazo kwa sehemu kubwa ziliishia kwenye vidole vyangu kama joto la msuguano.

Fundi wa Koili anajibu:

Mwalimu ameeleza kwa hesabu, nami nitaeleza kwa harufu. Karakana yangu iko Kariobangi, na kazi yangu ni kusuka upya koili za mota zilizoungua, kazi ambayo sisi mafundi huiita kuwainda. Mota ikiletwa, kabla sijafungua nati hata moja huinusa kwenye matundu ya hewa. Vanishi iliyoungua ina harufu kali ya uchachu ambayo hukaa kwenye nguo hadi jioni, na mke wangu hujua siku niliyofungua mota iliyokaangwa.

Mwezi uliopita nililetewa mota ya mashine ya kusaga unga. Mwenyewe aliniambia kwamba mahindi yalikuwa hayajakauka vizuri, yakaziba kinu, mota ikakwama ikawa inanguruma tu. Kijana aliyekuwa zamu aliinama kuchokora mahindi bila kuzima swichi, kwa sababu aliamini kile kile ambacho mtoto wako ameandikiwa: mota haizunguki, basi haili umeme. Mahindi yalikuwa hayajatoka hata nusu moshi ulipoanza. Nilipofungua, shaba iliyopaswa kuwa na rangi ya asali ilikuwa nyeusi tititi, na nyuzi zake zilikatika nilipozipinda kwa kidole. Sitaki kumlaumu kijana kwa koili tu. Mikono yake ilikuwa ndani ya kinu ambacho kingeweza kuanza kuzunguka wakati wowote, na hilo linanitia baridi zaidi kuliko gharama ya shaba.

Naomba nieleze tofauti moja ili nisimpoteze mtu. Mota hizi kubwa zinazotumia umeme wa nyumbani wa volti 240 au ule wa nyaya tatu hazina brashi, na nyingi hazina sumaku ya kudumu. Rota yake, yaani sehemu ya ndani inayozunguka, huvutwa na uga wa sumaku unaozunguka ndani ya koili za nje. Hata hivyo, hukumu ni ile ile. Mota ya namna hiyo inapoanza kutoka hali ya kusimama huvuta mkondo wa kama mara 5 hadi 8 ya ule wa kawaida, na ndiyo maana taa za nyumba hufifia kidogo pampu ya maji inapowaka. Ikishika kasi, mkondo hushuka. Ikikwama, mkondo ule mkubwa hubaki hapo hapo. Na kuna hasara nyingine ambayo watu huisahau: feni ya kuipoza mota imefungwa kwenye mhimili wake mwenyewe, kwa hiyo mota iliyosimama inatengeneza joto jingi kuliko wakati wowote huku feni yake nayo imelala.

Jambo jingine ni umeme hafifu. Wateja wengi huamini kwamba kinachounguza mota ni umeme mwingi. Mimi huona zaidi zile zilizounguzwa na umeme mdogo. Volti zikishuka jioni wakati kila mtu amewasha vyombo vyake, mahindi hayajui kwamba volti zimeshuka. Yanadai kazi ile ile. Mota hupunguza kasi, huvuta mkondo mkubwa zaidi ili kuikamilisha, na mkondo huo ndio unaoipika koili. Ndiyo sababu huwasisitizia wateja waweke kifaa cha kukata umeme mkondo unapozidi, ingawa wengi hunijibu kwamba ni bei. Kisha wanarudi.

Mzazi wa Umoja anaandika:

Nawashukuru sana, Mwalimu na Fundi. Nimeisoma habari ya mikokoteni kwa sauti nyumbani na imeeleweka hata kwa mdogo wao. Shida yangu ni kwamba sina mita, na shuleni sitaki kwenda na tarakimu za mtu mwingine. Je, ipo njia ya kumwonyesha mtu kwa macho kwamba mkondo unaongezeka mota inaposhikwa? Na je, jibu kamili la swali la darasani lilipaswa kuwa nini, kama kila kitu mwishowe ni joto?

Mwanafunzi wa Uhandisi anajibu:

Mama, njia ipo, na haigharimu sana. Tafuta balbu ya tochi ya zamani, ile yenye uzi ndani, ya volti 2.5 na ampea 0.3, taa za LED hazifai kwa jaribio hili. Maduka ya vipuri vya elektroniki ya Luthuli Avenue huziuza bado. Iunge balbu hiyo kwa mfululizo na mota, yaani mkondo upite kwenye balbu kwanza ndipo uingie kwenye mota, na utumie betri tatu badala ya mbili, kwa kuwa balbu nayo itadai sehemu yake ya volti. Mota ikizunguka huru, balbu itawaka hafifu au isiwake kabisa. Ushike mhimili, na balbu itang'aa. Ukiuachilia, itafifia tena. Hapo kila mtu darasani ataona mkondo ukipanda na kushuka bila kusoma mita. Balbu pia huuzuia mkondo usiwe mkubwa kupita kiasi, kwa hiyo mota haitapata joto la kutisha.

Kama mna mota mbili zinazofanana, liko jaribio ninalolipenda zaidi. Kateni kipande cha mrija wa wino wa biro, mchomeke mhimili wa mota moja upande huu na mhimili wa nyingine upande ule, kisha muiunge mota ya kwanza na betri tatu. Itaizungusha ya pili. Kwenye nyaya za ile ya pili muunge taa ndogo ya LED nyekundu, ambayo huhitaji karibu volti 2. Ikikataa kuwaka, geuzeni nyaya zake, kwa sababu LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Ikiwaka, mtakuwa mmeona nishati ya kikemikali ikigeuka kuwa umeme, umeme ukawa mwendo, mwendo ukarudi kuwa umeme, na umeme ukawa mwanga. Kisha ondoeni LED na mzigusanishe nyaya mbili za mota ya pili zenyewe kwa zenyewe. Mtasikia mlio wa mota ya kwanza ukishuka, kana kwamba mtu ameushika mhimili, ilhali hakuna aliyeushika. Ile ya pili sasa inazalisha mkondo, na mkondo huo unadai malipo yake kwa mwendo.

Hili si jambo la kubuni la walimu. Kwenye maonyesho ya Vienna mwaka 1873, mashine ya Zénobe Gramme iliyotengenezwa kama jenereta iliunganishwa na nyingine ya aina yake, na ile ya pili ikazunguka kama mota. Tangu Michael Faraday alipouzungusha waya kando ya sumaku mwaka 1821 ilikuwa imepita zaidi ya miaka hamsini, na jambo ambalo leo mtoto anaweza kulionyesha kwa mrija wa biro lilikuwa kivutio cha watu wazima. Magari ya umeme hulitumia kila siku: dereva anapoachia mwendo kwenye mteremko, mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nishati ya mwendo kwenye betri.

Tahadhari moja. Wanafunzi wengi hutengeneza mota ya mkono kwa waya wa shaba uliopakwa vanishi, pini mbili za usalama na sumaku ya spika mbovu, wakikwaruza vanishi yote upande mmoja wa koili na nusu tu upande wa pili ili mkondo ukatike kila nusu mzunguko. Ni jaribio zuri, lakini koili yake ya mizunguko kumi hivi ina ukinzani usiofika hata omu 0.1. Volti ya kinyume yake ni ndogo sana, kwa hiyo karibu nishati yote ya betri huishia kuwa joto hata inapozunguka kwa furaha. Mimi hukiita kifaa hicho hita inayocheza. Ikikwama, iondoeni betri mara moja, maana pini huweza kuunguza vidole.

Mwalimu wa Fizikia anaandika:

Nijibu sehemu ya pili ya swali la mama. Jibu la binti yako la kwanza linatosha kwa alama, lakini jibu kamili linapaswa kutaja matawi. Nishati ya kikemikali hugeuka kuwa ya umeme, na ya umeme hugawanyika: nyingine huwa mwendo wa mhimili, nyingine joto la koili na betri, nyingine joto la msuguano, kidogo huwa sauti, na punje huwa cheche za mwanga kwenye brashi. Ukiweka redio ya masafa ya AM karibu na mota hiyo utazisikia cheche hizo zikikwaruza.

Ukubwa wa kila tawi hutegemea mota imepewa kazi gani. Nilifunga uzi kwenye mhimili wa mota yangu na kuning'iniza uzito wa gramu 100. Aliupandisha, samahani, iliupandisha (nimezoea kuisemea mota kama mtu) kwa sentimita 80 katika sekunde 2, mita zikisoma volti 2.9 na ampea 0.45. Umeme ulioingia ni 2.9 mara 0.45 mara 2, yaani jouli 2.6. Nishati iliyopatikana kwa uzito ule kuwa juu ni 0.1 mara 9.8 mara 0.8, karibu jouli 0.8. Ufanisi wake ni kama asilimia 30. Jouli 0.6 zilikuwa joto ndani ya koili, na 1.2 zilizobaki zililiwa na msuguano, hewa na sauti. Zijumlishe, zinarejea 2.6. Hakuna iliyopotea njiani, ingawa theluthi moja tu, na haikufika, ndiyo iliyofanya kazi tuliyoitaka.

Kwa hiyo, mama, si kila kitu ni joto moja kwa moja. Uzito uliopandishwa umehifadhi jouli zake hadi utakapoanguka. Mota inayozunguka huru haihifadhi chochote zaidi ya mzunguko wake mwenyewe, na mota iliyoshikwa haina tawi lolote isipokuwa lile la joto na mvumo mdogo usiostahili hesabu. Sentensi ya binti yako ilihusu hali hiyo ya mwisho, na hakuna neno ndani yake ambalo ningelifuta.

Kwa kuwa umesema ni mfanyabiashara, nikupe na kipimo cha bei. Uniti moja ya tokeni ya umeme ni jouli 3,600,000. Betri ndogo ya alkali ina takriban jouli 10,000. Ingehitajika karibu betri 360 kupata nishati ya uniti moja, na yeyote aliyewahi kununua betri dukani anaweza kumalizia hesabu hiyo mwenyewe.

Mzazi wa Umoja anaandika:

Narudi na ripoti. Balbu niliipata Luthuli Avenue kwenye duka la tatu, muuzaji akanishangaa kidogo. Tuliunga jana usiku. Imekuwa kama alivyosema kijana wa uhandisi: mhimili ukiwa huru balbu ni kama kaa la jiko linalozimika, ukishikwa inang'aa njano.

Lakini mtoto ameona jambo ambalo hamkulitaja. Kila anapowasha swichi, kabla hata ya kugusa chochote, balbu inametameta mara moja kwa nguvu kisha inafifia mota inaposhika kasi. Aliwasha na kuzima kama mara kumi na tano hadi nikahofia betri. Nilimwambia nitawauliza, akanijibu kwamba hana haja: "Mama, mwanzoni mota bado imesimama, hata kama hakuna aliyeishika."

Fundi wa Koili anajibu:

Huyo mtoto akimaliza shule aje Kariobangi. Hiyo ndiyo taa ya nyumbani inayofifia pampu ikiwaka, ila yeye ameigeuza upande: taa yake iko kwenye njia moja na mota ndiyo maana inang'aa, za nyumbani ziko kwenye njia za kando ndiyo maana zinafifia.

Mzazi wa Umoja anaandika:

Leo ameipeleka shuleni ndani ya kopo la siagi. Mwalimu wake aliushika mhimili mwenyewe akaitazama balbu, akauachilia, akaushika tena. Halafu akaomba balbu itolewe, mota iungwe na betri moja kwa moja, akaushikilia kwa vidole vyake huku darasa zima likihesabu. Wanasema walifika ishirini na sita. Kopo limebaki kwenye kabati la maabara hadi wiki ijayo, kwa sababu mkondo wa pili wa Gredi ya 8 bado haujafika kwenye mada hiyo.